Kikosi changu bora cha msimu wa AFL: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila mwaka ikifika mwisho wa Agosti, kabla mechi za fainali hazijaanza, natoa kikosi changu bora cha msimu wa futiboli ya Australia. Na kila mwaka maswali ni yale yale. Mengine yanatoka kwa watu wa hapa Footscray, magharibi mwa Melbourne, ambao wameujua mchezo huu tangu wanyonyeshwe. Mengine yanatoka kwa jamaa zangu wa Mombasa na Nairobi ambao bado wanashangaa kwa nini mtu mzima anaacha kandanda akakimbilia mpira wenye umbo la papai. Nimeamua kuyajibu yote pamoja. Mwenye haraka aruke hadi kwenye majina, lakini asije kugomba kabla hajasoma sheria.

Mchezo wenyewe ni upi? Ni ragbi?

Si ragbi. Timu mbili, kila moja ina wachezaji 18 uwanjani, kwenye uwanja wa umbo la yai ambao unaweza kufika mita 185 kwa urefu. Kila upande una milingoti minne. Ukipiga mpira kwa teke ukapita kati ya ile miwili mirefu ya katikati bila kuguswa, ni goli, pointi sita. Ukipita kati ya mrefu na mfupi wa pembeni, unapewa pointi moja, kama pole. Hakuna kuotea. Mpira haurushwi kwa mkono. Unapigwa teke, au unashikwa kwa mkono mmoja na kupigwa ngumi kwa mwingine, na hiyo ndiyo pasi ya mkono. Ukiudaka hewani mpira wa teke la mchezaji mwingine yeyote uliosafiri mita 15 au zaidi, hiyo inaitwa maki, na unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Watu hurukia hadi mabegani mwa wenzao kutafuta maki. Hapo ndipo mimi niliponaswa.

Ligi kuu ni AFL, yenye klabu 18. Robo nne, kila moja dakika 20 pamoja na muda wa nyongeza.

Kikosi cha msimu kinachaguliwa na nani?

Rasmi, na kamati ya ligi. Kikosi hicho kinaitwa All-Australian, na AFL imekuwa ikikichagua kila mwaka tangu 1991. Zamani, kuanzia 1953, jina hilo walipewa wachezaji waliong'ara kwenye mashindano ya majimbo. Siku hizi kamati hutaja kwanza orodha ndefu ya wachezaji 44, halafu siku chache baadaye inachuja na kubakisha 22: wa uwanjani 18 na wa benchi wanne. Wanaochaguliwa huvalishwa koti, hupigwa picha, basi. Kikosi hakiingii uwanjani kucheza na yeyote. Ni timu ya karatasi, na labda ndiyo maana watu wanaipigania hivyo.

Kama kipo cha ligi, cha kwako cha nini?

Kwa sababu cha ligi, kwa maoni yangu, mara nyingi si kikosi. Ni orodha ya watu 22 waliosifiwa sana, wakapangwa kwenye mchoro ili ionekane ni timu. Viungo ndio wanaogusa mpira mara nyingi, ndio wanaoonekana kwenye televisheni, ndio wanaopigiwa kura. Basi kamati inajikuta na viungo wanane au tisa mkononi na nafasi za viungo ni chache. Wanafanya nini? Mmoja anapelekwa winga ambako hakucheza mwaka mzima. Mwingine anawekwa ubavuni mwa ushambuliaji. Waliobaki wanajazwa benchi. Winga wa kweli, yule aliyekimbia ubavu wa uwanja tangu Machi hadi Agosti, anakaa nyumbani akitazama koti likivaliwa na mgeni.

Mimi naanza na nafasi, halafu ndio natafuta mtu. Nikiwa na nafasi ya winga, nawauliza mawinga tu. Ni kama kupanga timu ya kandanda: huwezi kuwa na washambuliaji watano wazuri ukamwambia mmoja wao avae glavu akae golini kwa sababu tu anastahili tuzo.

Nafasi ni zipi? Tueleze kama tunavyoelewa sisi.

Chora mistari mitano kutoka goli lako hadi la mpinzani, kila mmoja una watu watatu. Hao ni 15. Watatu waliobaki hufuata mpira popote unapokwenda.

Mstari wa kwanza ni wa beki wa mwisho na wenzake wawili wa pembeni. Beki wa mwisho anamlinda mshambuliaji mkubwa wa wapinzani, yule anayefunga sana. Mstari wa pili una beki wa kati wa mbele na mabeki wawili wa ubavuni. Hawa wa ubavuni kwenye mchezo wa leo ndio waanzishaji wa mashambulizi. Ndio wenye teke zuri, na mpira ukitolewa nyuma hupitia kwao. Mstari wa tatu ni mawinga wawili na kiungo wa katikati. Wa nne na wa tano ni washambuliaji: wa kati, wa ubavuni, wa mwisho aliye mbele ya goli, na wawili wa pembeni mwa goli. Wale wa pembeni, kwa kawaida, ni wafupi na wepesi kama panya. Kazi yao ni kuokota mpira unaodondoka miguuni mwa wale warefu, na kumkaba beki asitoke nao.

Wale watatu wanaofuata mpira ni raki na viungo wawili. Raki ni jitu, aghalabu linapita mita mbili. Mwamuzi anaurusha mpira juu (hadi 2025 aliweza pia kuudunda), maraki wawili wanaruka, kila mmoja anajaribu kuugonga uende kwa viungo wake.

Ndiyo, najua kwamba uwanjani leo hakuna anayesimama kwenye mchoro huu. Wachezaji wanazunguka, wanabadilishana, wanaingia benchi na kutoka. Lakini tangu 2019 kuna sheria kwamba kila mpira unapoanzishwa katikati, timu iwe na watu sita nyuma, sita katikati, sita mbele. Kwa hiyo mchoro haujafa. Na mtu akikuambia kwamba nafasi hazina maana tena, mwambie amweke kiungo wa mita moja na sentimita themanini amlinde mshambuliaji Charlie Curnow mchana mmoja tu, halafu arudi tuongee.

Basi sheria zako ni zipi?

Mchezaji anaingia pale alipocheza sehemu kubwa ya msimu. Lazima awe amecheza angalau theluthi mbili ya mechi za ligi. Sitazami jina wala alichofanya mwaka jana. Benchi lina watu wanne wa aina nne: beki mmoja, kiungo mmoja, mshambuliaji mmoja, na raki wa pili. Sheria hii ya benchi ndiyo inayonipatia matusi mengi. Ndiyo pia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu raki wako akivunjika mguu dakika ya tatu, viungo wanne waliokaa benchi watakusaidia nini?

Unahesabu mechi za fainali?

Sihesabu, na hata kamati haihesabu, maana kikosi hutangazwa kabla hazijachezwa. Mwaka 2023 Bobby Hill wa Collingwood alishinda Norm Smith, medali ya mchezaji bora wa fainali kuu, siku Collingwood walipoifunga Brisbane kwa pointi nne, 90 kwa 86. Mtu bora kwenye siku kubwa kuliko zote, na kwenye kikosi cha msimu hayumo. Wengine waliona ni kichekesho. Mimi sioni. Mwaka ule ni timu nane kati ya 18 zilizofika fainali. Mchezaji wa timu ya tisa angejibu nini? Msimu ni mechi 23 ambazo kila klabu ilicheza. Fainali ina medali yake.

Unatumia takwimu?

Natumia, kwa tahadhari. Ninao mkoba wa takwimu kama kila mtu: mara ngapi amegusa mpira, amekaba mara ngapi, amenyakua mipira mingapi iliyolengwa kwa mpinzani, amehusika katika mashambulizi mangapi yaliyozaa pointi. Tatizo ni kwamba takwimu zinawapenda viungo. Mtu anaweza kugusa mpira mara 35 kwa mechi, na nusu ya hizo ikawa ni pasi za ngumi za mita tatu kwenda kwa mwenzake aliyebanwa zaidi yake. Karatasi inamhesabia 35. Macho yangu yananihesabia kitu kingine.

Na takwimu zinawasahau mabeki. Kazi ya beki wa mwisho ni kuhakikisha kwamba jambo fulani halitokei. Mshambuliaji anaruka kutafuta maki, beki anafika kwa nyuma na kuupiga mpira ngumi, unatoka nje. Kwenye televisheni ni sekunde moja, na mtangazaji anataja jina la aliyekosa maki. Kwa hiyo kwa mabeki ninafanya hesabu ya kizamani. Nina daftari. Baada ya kila raundi naandika nani alimlinda nani, na aliyelindwa alifunga magoli mangapi. Inachosha. Kuna wikendi mke wangu huuliza kama nalipwa.

Kitu kingine ninachotazama ni kura za makocha. Baada ya kila mechi, makocha wa timu zote mbili hutoa pointi tano, nne, tatu, mbili na moja kwa wachezaji watano. Wakikubaliana wote wawili, mchezaji anapata kumi. Kocha anajua alichomwagiza mtu, sisi tunabahatisha. Ndiyo maana kura zao nazipa uzito kuliko zile za waamuzi, zinazoamua medali ya mchezaji bora wa ligi.

Mbona kila mwaka unamtaja Aliir Aliir hata asipokuwa kwenye kikosi?

Kwa sababu kila mwaka kuna mtu wa nyumbani ananiuliza, "Sisi tunahusika vipi na mchezo huu?"

Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini. Familia ilihamia Australia akiwa mtoto. Sydney walimchukua mwaka 2013, akawa chaguo la 44 kwenye mgao ambapo klabu huchagua vijana wapya kwa zamu. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na mwaka wake wa kwanza tu huko, 2021, akachaguliwa kwenye All-Australian. Mtoto wa Kakuma alivaa koti.

Lakini simtaji kwa sababu ya Kakuma peke yake. Namtaja kwa sababu ndiye aliyenifundisha kutazama beki. Wengi wao humtazama mtu wanayemlinda. Aliir anatazama mpira. Anamwacha mtu wake hatua mbili tatu, jambo ambalo kocha wa watoto angemfokea, kwa sababu ameshasoma teke litatua wapi. Kisha anaruka kutoka pembeni, anadaka mpira uliokuwa wa mtu mwingine, na shambulizi la wapinzani linageuka kuwa shambulizi la Port. Ukitazama mpira tu kwenye televisheni, utadhani ametokea hewani. Nenda uwanjani, mkodolee macho yeye tu robo nzima, uone anavyosogea kabla teke halijapigwa.

Na hayuko peke yake. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Sudan kucheza AFL, akiwa na North Melbourne mwaka 2013. Siku hizi ukisikiliza orodha ya wachezaji ikisomwa utasikia majina ya Kidinka na Kinuer bila mtangazaji kujikwaa sana.

Tuonyeshe kikosi chako. Kile cha 2023 ambacho watu waligombana.

Sawa. Nakitumia kama mfano kwa sababu msimu ule nilitazama mechi nyingi kuliko wakati wowote. Klabu nilizoandika ni walizochezea mwaka ule. Baadhi wamehama baadaye.

Nyuma kabisa: Callum Wilkie (St Kilda), Harris Andrews (Brisbane), Tom Stewart (Geelong).
Mabeki wa mbele: Jack Sinclair (St Kilda), Darcy Moore (Collingwood), Dan Houston (Port Adelaide).
Mstari wa kati: Josh Daicos (Collingwood), Nick Daicos (Collingwood), Errol Gulden (Sydney).
Washambuliaji wa nyuma: Christian Petracca (Melbourne), Taylor Walker (Adelaide), Toby Greene (Greater Western Sydney).
Mbele ya goli: Charlie Cameron (Brisbane), Charlie Curnow (Carlton), Kysaiah Pickett (Melbourne).
Wafuata mpira: Tim English na Marcus Bontempelli (wote Western Bulldogs), Zak Butters (Port Adelaide).
Benchi: James Sicily (Hawthorn), Caleb Serong (Fremantle), Nick Larkey (North Melbourne), Rowan Marshall (St Kilda).

Ukilinganisha na kile cha ligi, tofauti ni watu wawili tu. Wao walimchagua Connor Rozee wa Port Adelaide na Jordan Dawson wa Adelaide. Mimi niliwatoa nikawaingiza Pickett na Marshall. Watu wawili, na simu yangu haikulala wiki nzima.

Maelezo yangu ni haya. Rozee na Dawson walikuwa na msimu mzuri sana, sina neno, lakini wote walicheza kiungo, na viungo wangu walikuwa wameshajaa. Mbele ya goli nilikuwa tayari na Curnow, Walker na, kwenye benchi, Larkey. Warefu watatu. Mpira ukidondoka chini nani anauokota? Pickett alikuwa akimkimbiza beki kama anadaiwa. Na Marshall ni raki wa pili, kwa sheria ya benchi niliyoitaja. Petracca ubavuni? Hapo nitakubali kwamba nilijiregeza, kwa kuwa naye ni kiungo kwa asili. Ila mwaka ule alitumika mbele vya kutosha, na nilipopiga hesabu aliipita sheria yangu kwa unywele.

Angalia mawinga wale: Josh Daicos na Gulden. Mwaka huo hata kamati iliwachukua wote wawili, nami nikawapigia makofi nikiwa jikoni peke yangu.

Lachie Neale alishinda Brownlow mwaka huo huo. Umemwacha vipi?

Hili ndilo swali nililoulizwa kuliko yote. Brownlow ni medali ya mchezaji bora wa ligi, na kura hupigwa na waamuzi: baada ya kila mechi wanatoa tatu, mbili na moja. Mwaka 2023 Neale wa Brisbane alipata 31, Bontempelli 29, Nick Daicos 28. Na Neale hakuwemo kwenye kikosi changu, wala kwenye kile cha ligi.

Waamuzi wako katikati ya mchezo. Wanamwona anayeokota mpira chini ya miguu ya watu, na hakuna aokotaye kama Neale. Lakini ukiniuliza nani walikuwa viungo wanne bora mwaka ule, nilikuwa na Bontempelli, Butters, Nick Daicos na Serong. Neale alikuwa wa tano kwangu. Kuwa wa tano si aibu. Kama sheria yangu ingeniruhusu kumweka winga, angekuwemo, na mimi ningekuwa kama wale ninaowalaumu.

Larkey wa timu iliyokaribia kuburura mkia? Kweli?

North Melbourne walishinda mechi tatu msimu mzima wakamaliza wa 17. Larkey alifunga magoli 71. Curnow, aliyekuwa mfungaji bora, alikuwa na 78, na Walker 76. Sasa fikiria: mshambuliaji hulishwa na viungo. Curnow alikuwa na timu inayompelekea mpira. Larkey alikuwa akisubiri mpira kama daladala ya usiku, ukija unakuja na mabeki watatu. Magoli 71 katika hali hiyo, kwangu, ni kazi kubwa kuliko zile saba zilizomtenganisha na Curnow.

Nikiwa hapo hapo: Walker alikuwa na miaka 33 na ndio alikuwa anavaa koti la All-Australian kwa mara ya kwanza. Mechi moja dhidi ya West Coast alifunga kumi. Wazee tuna raha zetu.

Nick Daicos aliumia. Huoni sheria yako ya mechi imemkamata?

Haikumkamata. Aliumia goti kwenye mechi dhidi ya Hawthorn, akakosa raundi tatu za mwisho. Mechi alizocheza kabla ya hapo zinatosha kabisa. Ajabu ni kwamba amekosa raundi tatu na bado akabaki kura tatu tu nyuma ya Neale kwenye Brownlow. Fanya hesabu mwenyewe.

Wewe ni shabiki wa Bulldogs. Utasema huwapendelei?

Nawapenda, siwezi kukana. Bulldogs ndiyo klabu ya Footscray. Kabla ya kubadilishwa jina iliitwa Footscray, na uwanja wao wa mazoezi, Whitten Oval, naufikia kwa miguu. Mwaka 2016 waliposhinda ubingwa, wa kwanza tangu 1954, mtaa ulifungwa kwa vifijo na wazee wa watu walilia barabarani.

Lakini 2023 walimaliza wa tisa, nje ya fainali, na niliwachukua wawili tu, wale wale waliochukuliwa na kamati. Kuna mwaka nilichunguza daftari langu nikagundua kwamba kosa langu ni kinyume: nawabana Bulldogs kuliko wengine, ili nisiambiwe nawapendelea. Jamaa yangu mmoja shabiki wa Essendon husema huo nao ni upendeleo, ila umevaa kanzu. Sijapata jibu lake.

Nahodha anachaguliwaje?

Kamati humpa yeyote inayemtaka, na si lazima awe nahodha wa klabu yake. Mwaka 2022 walimpa Tom Hawkins wakati Geelong iliongozwa na Joel Selwood. Mwaka 2023 walimpa Toby Greene. Mimi nilimpa Darcy Moore, kwa sababu beki wa kati anauona uwanja wote mbele yake na anapiga kelele kuliko wote. Nahodha asiyesikika ni wa picha tu.

Mchezaji aliyefungiwa anaruhusiwa?

Kwangu anaruhusiwa, mradi amefikisha mechi. Brownlow haimruhusu: ukifungiwa kwa kosa la uwanjani msimu ule, huwezi kushinda hata ukiongoza kura. Hapa mnisamehe nipandwe na hasira kidogo. Mwaka 1997 Chris Grant, wetu wa Bulldogs, alipata kura 27, nyingi kuliko mtu yeyote. Alikuwa amefungiwa mechi moja. Medali ikaenda kwa Robert Harvey wa St Kilda mwenye 26. Harvey hana kosa, ni mchezaji mkubwa. Lakini mwaka huo huo Grant alikuwemo kwenye All-Australian bila mtu kuona tatizo. Kikosi kinauliza nani alicheza vizuri. Medali inauliza pia nani alikuwa na tabia njema. Nimechagua swali la kwanza.

Na wanawake je?

Ligi ya wanawake, AFLW, ilianza 2017. Uwanjani wanakuwa 16 kila upande, na kikosi cha msimu kina watu 21. Msimu wao unaishia miezi mingine, kwa hiyo natoa orodha yao tofauti. Kusema kweli miaka ya kwanza nilikuwa naipanga ovyo, kwa kusoma matokeo tu. Siku hizi natazama.

Kuna kikosi ambacho kura ya shabiki ina maana?

Kipo, na ni kizuri. Chama cha wachezaji hutoa kikosi cha vijana 22 wenye umri usiozidi miaka 22, na mashabiki ndio wanaopiga kura. Kilianza 2012. Kama unataka kujifunza kuchagua, anzia hapo: majina ni machache, na hakuna wazee wanaoishi kwa sifa za mwaka juzi.

Nipo Nairobi au Dar. Naweza kuchagua cha kwangu?

Nani atakuzuia? Saa ndizo zitakusumbua. Wakati wa msimu wa baridi wa huku, Melbourne iko mbele yenu kwa saa saba. Mechi ya Ijumaa usiku, inayoanza hapa saa mbili kasoro dakika ishirini usiku, kwenu ni mchana, saa saba kasoro dakika ishirini, utaitazama ukila. Za Jumamosi mchana zinawakuta ndio mnachemsha chai. Fainali kuu huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba kwenye MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, mbele ya watu takriban laki moja. Mpira ukianza saa nane na nusu mchana, kwenu ni saa moja na nusu asubuhi. Mahamri yawe tayari mapema.

Usijaribu kutazama mechi zote tisa za raundi. Mimi nilijaribu mwaka mmoja, nikaishia kuwachukia hata niliowapenda. Chagua mbili, zitazame zote, na nyingine tazama muhtasari. Halafu baada ya kila raundi andika majina matatu: mmoja wa nyuma, mmoja wa kati, mmoja wa mbele. Ukifanya hivyo tangu Machi, ifikapo Agosti kikosi kitakuwa kimejipanga chenyewe, na utashangaa ni majina mangapi ambayo hayatajwi na mtu.

Cha mwaka huu kinatoka lini?

Usiku wa Jumapili ya raundi ya mwisho ya ligi, baada ya mechi ya mwisho kuisha na mimi kula. Kabla ya hapo msinipigie. Nafasi ya winga wa kushoto bado ina watu wawili, na daftari liko kwa shabiki wa Essendon. Aliliazima wiki iliyopita akidai ana marekebisho.